Trail Blazers wakitaka kuondoka Portland, sisi mashabiki tuna nguvu gani?

Mkazi_wa_Portland

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuishi katika mji uliotishiwa kunyang'anywa timu yake ya mpira wa kikapu, au uliokwisha kunyang'anywa kabisa.

Mimi ni mtu wa Kigoma, ila kwa sasa ninaishi Portland, Oregon, na wanangu wamekulia hapa. Mji huu hauna timu ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani, wala ya ligi kuu ya besiboli, kwa hiyo Trail Blazers ndiyo habari inayotukutanisha sote, mimi na jirani zangu ambao babu zao walizaliwa hapahapa. Timu ilianzishwa mwaka 1970 na imetwaa ubingwa mara moja tu, mwaka 1977, lakini tangu mwaka huo hadi 1995 tiketi za mechi za nyumbani ziliisha zote kwa mechi 814 mfululizo. Sidhani kama kuna anayeweza kudai kwamba watu wa hapa hawaipendi timu yao.

Wasiwasi umeanzia kwenye umiliki. Paul Allen, aliyeinunua timu mwaka 1988, alifariki Oktoba 2018, na wosia wake ulielekeza kwamba timu zake ziuzwe na fedha ziende kwenye shughuli za hisani. Mwaka 2022 Phil Knight, mwanzilishi wa Nike na mwenyeji wa Oregon, aliweka mezani zaidi ya dola bilioni 2, akajibiwa kwamba timu haiuzwi. Miaka mitatu baadaye ikauzwa, na mnunuzi aliyekubaliwa ni Tom Dundon wa Texas, kwa zaidi ya dola bilioni 4. Uwanja wa Moda Center, uliofunguliwa mwaka 1995, ni mali ya jiji tangu 2024, na mkataba wa timu kuutumia unafika 2030. Tunaelezwa kwamba umechakaa na unahitaji ukarabati wa mamia ya mamilioni ya dola.

Nilikokulia, klabu ina wanachama wake, na hakuna tajiri anayeweza kuihamisha Yanga kutoka Dar es Salaam kwa sababu mji mwingine umemwahidi uwanja mzuri zaidi. Hapa mambo si hivyo. Kwa hiyo nauliza: shabiki wa kawaida, mwenye tiketi mbili tatu kwa mwaka na kura moja, afanye nini sasa, kabla mambo hayajaharibika? Na je, ni haki kuunga mkono fedha za umma kwenda kwenye uwanja ili tu timu isiondoke?

Msonics_wa_Zamani

Mdogo wangu, umeuliza mapema, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sisi wa Seattle tulipoanza kuuliza muda ulikuwa umeshatuacha mkono.

SuperSonics walikaa Seattle misimu 41, kuanzia 1967, na ubingwa wao ni wa mwaka 1979. Mwaka 2006 Howard Schultz, mwenyekiti wa Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, aliwauza kwa dola milioni 350 kwa kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma City lililoongozwa na Clay Bennett. Wanunuzi waliahidi kutafuta kwa nia njema, kwa mwaka mmoja, uwanja mpya katika eneo letu. Novemba ya mwaka uleule wapiga kura wa jiji walipitisha kwa wingi mkubwa sheria ya kuzuia jiji lisitoe fedha kwa timu za kulipwa bila kupata faida, na mwaka uliofuata bunge la jimbo la Washington halikukubali mpango wa uwanja mpya wa dola milioni 500 huko Renton. Agosti 2007 mmoja wa wamiliki, Aubrey McClendon, alisema wazi gazetini kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle. Ligi ilimtoza faini ya dola 250,000, na mambo yakaendelea kama yalivyopangwa.

Nakumbuka mechi ya mwisho pale KeyArena, Aprili 13, 2008, dhidi ya Dallas. Tulishinda. Kevin Durant alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza katika ligi, na watu walipoanza kuimba wakitaka timu iokolewe, yeye akiwa uwanjani aliinua mikono kutuashiria tupaze sauti zaidi. Siku tano baadaye wamiliki wa timu za ligi walipiga kura, na 28 kati ya 30 waliruhusu timu ihamie Oklahoma City. Waliopinga ni Mark Cuban wa Dallas na Paul Allen, huyohuyo wa kwenu Portland. Mwezi Juni maelfu ya mashabiki walikusanyika nje ya mahakama ya shirikisho katikati ya mji. Hata kelele hizo hazikubadilisha kitu, kwa sababu waliokuwa na uamuzi mikononi mwao walikuwa ndani, na walichokuwa wakibishania ni mkataba wa upangaji.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mkataba wa KeyArena ulikuwa unaisha mwaka 2010. Jiji liliishtaki timu likitaka ilazimishwe kucheza hapo hadi siku ya mwisho ya mkataba, wala si kulipa fidia na kuondoka. Kesi ilisikilizwa, jaji akapanga kusoma hukumu Julai 2, 2008, na siku hiyohiyo, saa chache kabla ya hukumu, jiji likakubali dola milioni 45 na kuiachia timu. Jina, rangi na nembo vikabaki Seattle. Nyongeza ya dola milioni 30 ilifungwa kwenye masharti ambayo hayakutimia, kwa hiyo haikulipwa. Ngao yetu ilikuwa miaka miwili ya mkataba, na waliokuwa wameishika waliiuza.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye mkataba wa Moda Center. Kwa kuwa jengo ni mali ya jiji, mkataba huo ni waraka wa umma. Uombeni ofisi ya jiji na muusome. Angalieni timu ikivunja mkataba inalipa nini, na kama kuna kifungu kinachosema kwamba fidia ya fedha pekee haitoshi. Huo wa 2030 ni mfupi. Sioni mwenye mji anawezaje kupata usingizi na mkataba kama huo.

Kuhusu Dundon, sitamsingizia mtu jambo ambalo hajalitenda. Ana timu ya magongo ya barafuni, Carolina Hurricanes ya Raleigh, na wapo waliohofia kwamba angeihamisha. Hakuihamisha, mwaka 2023 alisaini mkataba wa miaka 20. Lakini mkataba huo ulikwenda sambamba na dola milioni 300 za umma za kukarabati uwanja, na hapo mnaweza kuona mazungumzo ya kwenu yataelekea wapi.

MamaSacramento

Shikamoo kaka wa Seattle, na pole, ingawa mwaka 2013 waliotaka kuichukua Kings yetu walikuwa watu wa mji wenu.

Sacramento ni mfano wa mji ulioponea chupuchupu, mara mbili. Kings walifika kwetu mwaka 1985 kutoka Kansas City, baada ya kupita Rochester na Cincinnati, kwa hiyo tulijua tangu mwanzo kwamba timu hiyo haikuwa ngeni kwa safari. Mwaka 2011 familia ya Maloof, waliokuwa wamiliki, ilikaribia sana kuipeleka Anaheim. Siku ya mechi ya mwisho ya msimu huo, dhidi ya Lakers, tulifungwa katika muda wa nyongeza, na watu walikataa kutoka ukumbini. Meya wetu, Kevin Johnson, aliyekuwa mchezaji wa Phoenix Suns na ni mzaliwa wa Sacramento, alikwenda New York mbele ya wamiliki wa ligi akiwa na ahadi za wafanyabiashara wa hapa za kudhamini timu kwa zaidi ya dola milioni 9. Tukapewa mwaka mmoja.

Januari 2013 balaa likarudi. Familia ya Maloof ilikubaliana kuuza hisa zake kwa kundi la Chris Hansen na Steve Ballmer, wenye nia ya kuihamishia timu Seattle. Mashabiki hawakungoja. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi tukikusanya ahadi za kununua tiketi za msimu, na tulihudhuria vikao vya halmashauri ya jiji tukiwa na fulana za zambarau, tukakaa hadi usiku, mtu mmoja mmoja akisubiri zamu yake ya kusema kwenye kipaza sauti. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mwenye duka dogo karibu na ulipo uwanja sasa. Hakusema neno lolote juu ya mpira, alieleza tu mtaa wake unavyokuwa saa moja jioni siku isiyo na mechi. Nilimwona diwani mmoja akiacha karatasi zake na kumtazama. Machi 26 halmashauri ilipitisha kwa kura 7 dhidi ya 2 mpango wa uwanja wa dola milioni 448, jiji likichangia milioni 258, sehemu kubwa ikitegemea mapato ya maegesho ya magari. Mei 15 wamiliki wa ligi walikataa uhamisho kwa kura 22 dhidi ya 8, na Vivek Ranadivé akainunua timu. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2016.

Kaka wa Portland, sisi hatukupata ushindi huo kwa mapenzi peke yake, maana Seattle nao waliipenda timu yao. Tulikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: mnunuzi aliyetaka timu ibaki, eneo na mpango wa fedha uliopigiwa kura kabla ya ligi kuketi, na meya ambaye wamiliki walimpokea simu. Mashabiki ndio waliowapa madiwani ujasiri wa kupiga kura ngumu. Hiyo ndiyo kazi yenu, na inafanyika kwenye kikao cha Jumatano mchana chenye viti vitupu kuliko kwenye maandamano.

Mwenyeji_wa_Oakland

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini swali la pili la ndugu yetu limepitwa haraka mno. Je, ni haki?

Mimi ninatoka Oakland. Warriors walivuka daraja na kwenda San Francisco mwaka 2019, Raiders, timu ya soka la Kimarekani, wakaenda Las Vegas mwaka 2020, na timu ya besiboli, Athletics, ikaondoka baada ya msimu wa 2024. Tulitoa fedha. Katikati ya miaka ya 1990 jiji na kaunti zilikopa ili kuwarudisha Raiders, wakarudi, kisha wakaondoka tena, na walipa kodi wakaendelea kulipa deni la uwanja ambao mwenyewe keshahama. Warriors nao walidai kwamba wakiondoka hawawajibiki kulipa sehemu iliyobaki ya deni la ukarabati wa ukumbi wao, kiasi cha dola milioni 40 hivi. Ilibidi suala hilo liende kwa msuluhishi, na ni maneno ya mkataba wa zamani yaliyotuokoa.

Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na karibu wote wanakubaliana kwamba fedha za umma zinazowekwa viwanjani hazirudi kwa kiasi kinachoahidiwa. Familia isiyokwenda kwenye mechi hutumia fedha zilezile kwenye mgahawa au sinema ya mji uleule. Kwa hiyo anayeunga mkono ukarabati wa Moda Center aseme ukweli: tunalipia furaha yetu na utambulisho wa mji wetu. Huenda inafaa. Lakini asimwambie mwalimu ambaye shule yake inapunguziwa bajeti kwamba uwanja utamletea utajiri.

MamaSacramento

Mwanangu wa Oakland, sikupingi. Hata kwetu wapo wanaohesabu hadi leo ni nini kingefanyika kwa zile milioni 258. Tofauti ni kwamba uwanja wetu uko katikati ya mji na ni mali ya jiji. Kama jiji litatoa senti moja, basi lipate mkataba mrefu, na gharama ya kuuvunja iwe kubwa kiasi kwamba hakuna mnunuzi wa baadaye atakayethubutu. Fedha bila mkataba wa namna hiyo ni sadaka kwa tajiri.

Mkazi_wa_Portland

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimewasomea wanangu majibu yenu usiku huu, na wakubwa wao wameahidi kufuatana nami kwenye kikao cha halmashauri. Nimeelewa kwamba swali la kuwauliza madiwani si kama wanaipenda timu, bali mkataba mpya utakuwa wa miaka mingapi, deni la ukarabati litabaki kwa nani iwapo timu itaondoka, na kama jiji litakuwa na haki ya kuilazimisha timu icheze hapa hadi siku ya mwisho. Kaka wa Seattle, kuna jambo moja zaidi: ile timu yenu ya wanawake, Storm, nayo ilikuwa mali ya wamiliki walewale. Iliwezaje kubaki?

Msonics_wa_Zamani

Ilibaki kwa sababu ilinunuliwa na watu wa hapa. Mapema mwaka 2008, kabla kesi haijasikilizwa, wanawake wanne wa Seattle waliungana na kuinunua kutoka kwa kundi la Bennett kwa dola milioni 10. Tangu hapo Storm wametwaa ubingwa mwaka 2010, 2018 na 2020. Ukifika kwenye kikao hicho, waulize pia madiwani ni wafanyabiashara gani wa Oregon wana hisa katika umiliki mpya, na ni kiasi gani.