Naomba ushauri: Ford ya 1932 inayosemekana ilikimbia Bonneville, niipige rangi upya au niiache ilivyo?

Mtanga wa Utah (mwenye uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kumi na mmoja sasa ninaishi na kufanya kazi katika jimbo la Utah, Marekani. Nina jirani, bibi mjane aliyevuka miaka tisini, ambaye nimekuwa nikimsaidia kuondoa theluji mlangoni kila msimu wa baridi. Mwezi uliopita wanawe walinifungulia banda lililo nyuma ya nyumba, nikaonyeshwa gari la marehemu baba yao: Ford ya mwaka 1932, rodsta, yaani gari la wazi la watu wawili lisilo na vioo vya milangoni, lenye injini ya V8. Madigadi yote yameondolewa, rangi ya buluu imepauka hadi imekuwa kama majivu, na kwenye dashibodi kuna kibati kidogo cha shaba kilichoandikwa mwaka 1950 na mwendo wa maili 127 na ushei kwa saa.

Watoto wanasema baba yao aliweka rekodi Bonneville, ule uwanda wa chumvi wa hapa Utah wanakofanyia mbio za magari, na wako tayari kuniachia gari kwa bei ambayo hapa hununulia pikapu ya kawaida iliyotumika. Injini haizunguki. Katika viungo vya chasisi nimekuta ukoko mweupe, nikauonja kwa ncha ya ulimi, nao ni chumvi kabisa. Bosi wangu anasema nilivue gari hadi chuma kitupu, nilipige rangi mpya ing'ae, kisha niliuze kwa faida kubwa. Moyo wangu unasita, ila sijui unasita kwa sababu gani. Naomba ushauri wa wanaoyajua magari haya ya kale ya Kimarekani.

Karani wa Mbio

Mkuu, kabla hujashika msasa, fungua kwanza fundo ambalo familia imelifunga, kwa maana kukimbia Bonneville ni jambo moja na kuweka rekodi ni jambo jingine. Chama cha SCTA, kilichoanzishwa kusini mwa California mwaka 1937, kiliwapimia mwendo vijana waliojijengea magari kwenye maziwa makavu ya jangwani, na ni Agosti 1949 tu kilipoanza kufanya wiki ya mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, huko kwenu Utah. Kwa hiyo mwaka 1950 unawezekana, lakini kuwezekana si kuthibitika. Kwenye maziwa makavu dereva alipita mara moja, akaandikiwa mwendo wake na kupata kibati cha kufunga kwenye dashibodi, ilhali rekodi ya Bonneville ilidai upite kwenda na kurudi, ndipo uchukuliwe wastani.

Tofauti hiyo imewaliza wakubwa. Mwaka 1960 Mickey Thompson alipita Bonneville kwa maili 406.6 kwa saa katika gari lenye injini nne za Pontiac, lakini gari likamharibikia kabla ya kurudi, na kitabu cha rekodi hakikumwandika. Miaka mitano baadaye ndugu wawili wa ukoo wa Summers, wakiwa na gari lao Goldenrod lenye injini nne za Chrysler Hemi zilizopangwa mstari mmoja, walikwenda na kurudi kwa wastani wa maili 409.277, na rekodi yao kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yake kwa injini za pistoni ikadumu hadi 1991.

Sasa linganisha na kibati chako. Mwaka 1950, gari lililochongwa kama samaki la karakana ya So-Cal lilipita maili 200 kwa saa pale Bonneville. Maili 127, yaani takriban kilomita 204, ni mwendo wa heshima sana kwa kijana aliyejijengea rodsta nyuma ya nyumba, lakini sioni rekodi ndani yake. Tafuta karatasi za matokeo ya mwaka huo, na upekue jarida la Hot Rod, lililoanza Januari 1948 na kuandika mbio hizi kwa ukaribu. Kuwa macho pia na mahali: ziwa kavu la Muroc lilichukuliwa na jeshi wakati wa vita, na vijana wakahamia ziwa kavu jingine, El Mirage, hivyo mtu akikuambia gari lilipimwa Muroc mwaka 1950, muulize mara mbili.

Chuma Chakavu

Nimecheka peke yangu niliposoma kwamba umeonja chumvi, maana hata mimi ningeonja. Hata hivyo, ndugu yangu, barabara za Utah humwagiwa chumvi kila msimu wa theluji, na wewe mwenyewe umesema unaiondoa theluji hiyo mlangoni kwa yule mama. Ukoko huo unaweza kuwa wa Bonneville, au unaweza kuwa wa safari ya dukani mwezi wa Januari.

Kiulize chuma chenyewe. Ford ya V8 ya mwaka huo iligongwa namba inayoanza na 18, ikiwa na nyota mwanzo na mwisho, juu ya reli ya kushoto ya chasisi. Iligongwa mahali patatu: pamoja panaonekana karibu na boksi la usukani ukifungua boneti, na pawili pamefunikwa na bodi. Safisha kwa kitambaa tu, usitumie brashi ya waya, kwa sababu brashi huondoa kina cha namba pamoja na kutu. Usiudhanie umri wa bodi pia, kwa kuwa bodi mpya za chuma za rodsta ya 1932 zinatengenezwa hadi leo, na wapo wanaozizeesha kwa makusudi.

Kisha hesabu stadi, yaani bolti zinazoshika vichwa vya silinda. Flatihedi (ndizo hizi V8 za kale za Ford) za mwanzo zilikuwa na stadi 21 kila upande, na za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 zina 24. Ukikuta 24, injini si ile iliyotoka kiwandani na gari, na hapo usivunjike moyo hata kidogo. Wakusanyaji wa magari ya mtaani ya miaka ya 1960 hudai kila namba ya injini na ya gari ioane, na kwa magari yale wana sababu, kwa mfano Chevrolet Camaro ZL1 ya 1969, iliyotengenezwa 69 tu na kughushiwa mara nyingi. Gari la mbio halikuishi hivyo. Dereva wa mbio Frank Lockhart alipokufa kwenye ufuko wa Daytona mwezi Aprili 1928, gari lake la Stutz Black Hawk liliharibika vibaya, lakini injini yake ya silinda 16, iliyoundwa kwa kuunganisha injini mbili za Miller, ilifungwa baadaye kwenye gari jingine lililoshindana Indianapolis. Injini zilihama kutoka gari hadi gari, na hakuna aliyeona ajabu.

Mzee wa Rangi

Mimi natofautiana nanyi. Gari ni la kuendeshwa. Toa injini iliyokufa, weka V8 ya kisasa, piga rangi nyekundu, mke na watoto wapunge upepo. Ukoko wa chumvi hauli mtu ugali.

Bi Nuru

Kaka Mtanga, samahani kwa kuuliza lisilo la kiufundi. Umesema wanawe ndio waliokufungulia banda na wanawe ndio wanaotaja bei. Je, mama mwenyewe umemuuliza? Mtu aliyevuka miaka tisini, mwenye akili timamu, aliyekuwa mke wa dereva tangu zama hizo, ndiye shahidi pekee aliye hai katika kesi hii, nanyi mnahesabu stadi. Kuna la pili pia: ikiwa wewe umejua kwamba kitu kina thamani na muuzaji hajui, nawe unamsaidia kila siku kama jirani mwema, hiyo bei ya pikapu inaitwaje?

Mtanga wa Utah

Dada Nuru, umenigusa pale pale nilipokuwa ninakwepa. Nitakwenda kwake Jumamosi. Stadi nimezihesabu: ni 24.

Mhifadhi

Nimechelewa kuuona uzi huu, na ninamwomba mwenye uzi asifanye lolote lisilorudishika hadi anisome.

Suala la kupiga rangi upya au kuacha halina jibu moja hata katika magari makubwa ya historia. Chukua gari la Duesenberg ambalo Ab Jenkins, mtu wa Utah aliyekuja kuwa meya wa Salt Lake City, aliliendesha Bonneville mwaka 1935 kwa saa 24 mfululizo kwa wastani wa zaidi ya maili 135 kwa saa. Mwaka uliofuata aliliwekea injini ya ndege ya Curtiss na likaitwa Mormon Meteor. Baadaye akairudisha injini ya Duesenberg na kulitumia barabarani kama gari la kawaida. Lilipokuja kukarabatiwa ilibidi kuchagua: lirudi kuwa la mwaka upi? Lilirudishwa katika umbo la awali, na mwaka 2007 likashinda tuzo kuu ya maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California. Kazi ilifanyika vizuri, kwa sababu picha na maandishi ya kila hatua yalikuwapo. Wewe bado huna hata picha moja.

Upande wa pili kuna gari la mbio, Shelby Daytona Coupe ya kwanza kati ya sita, ile yenye namba CSX2287. Baada ya mashindano ya Ulaya ilipelekwa Bonneville mwezi Novemba 1965 kuweka rekodi za mwendo, kisha ikapotea machoni pa watu kwa miaka mingi. Ilipoibuka mwaka 2001 na kuishia katika jumba la makumbusho la Simeone huko Philadelphia, ilihifadhiwa na makovu yake badala ya kufanywa mpya, na mwaka 2014 likawa gari la kwanza kuingizwa katika orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Kila mkwaruzo unaouona ulikuwapo gari likiwa kazini. Rangi mpya ingeufuta, na hakuna fundi, hata awe hodari kama wewe, awezaye kuurudisha.

Kwa hiyo zima taa bandani usiku, shika tochi, na umulike mlango kwa ubavu, mwanga ukitambaa juu ya bati badala ya kulipiga usoni. Gari lililowahi kuandikwa namba za mashindano na kupigwa rangi juu yake huacha ukingo mwembamba ambapo rangi ya chini iliishia. Piga picha ukisogeza tochi kidogo kidogo. Baada ya hapo kifungue kibati na uangalie matundu yaliyo nyuma yake.

Mtanga wa Utah

Wakuu, nimerudi na habari.

Tochi ya Mhifadhi imefanya kazi. Kwenye mlango wa kulia tarakimu mbili zilijitokeza kama mshipa chini ya ngozi, na kando yake herufi moja ambayo naisoma C, ingawa yaweza kuwa G. Nyuma ya kibati kuna matundu manne, na kibati kinatumia mawili tu. Hayo mawili ya zamani yamejaa vumbi gumu la rangi ya hudhurungi.

Jumamosi nilikaa na mama sebuleni. Nilipotaja Bonneville alitikisa kichwa, akasema mume wake hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Ni watoto waliolikuza neno walipokuwa shuleni, naye baba akawaacha kwa kuwa lilimchekesha. Walioana California, wakahamia Utah mwaka 1956, na gari likaja juu ya trela. Alinitolea boksi la viatu. Ndani yake kuna picha ya kijana amekaa kwenye rodsta hii hii, ardhi kavu iliyopasuka chini ya magurudumu, vilima vidogo nyuma, na nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli El Mirage. Nimelinganisha kibonyeo kilichopo kwenye ganda la rejeta, upande wa kushoto chini, na cha kwenye picha. Ni kile kile. Kibati cha kwanza, anasema, kilikuwa cha mwendo mdogo zaidi, na mumewe alikitupa siku alipopata hiki.

Nilimweleza waziwazi kwamba bei waliyotaja wanawe ni ndogo mno, na kwamba atafute mthamini asiyehusiana nami. Amekubali, lakini ameniomba jambo moja kabla ya mauzo yoyote: angependa kuisikia injini ikinguruma. Je, naweza kuiwasha bila kuiharibu?

Chuma Chakavu

Unaweza, kwa subira. Ng'oa plagi zote, mimina mafuta mepesi kwenye kila silinda, uache kwa wiki moja au mbili, kisha ujaribu kuizungusha kwa mkono, ukienda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Usitumie stata, na usivute gari kwa gari jingine. Ikizunguka, mwage mafuta ya zamani yote na uangalie kama yana maji, kwa kuwa katika flatihedi moshi hupita ndani ya bloku ukielekea nje, joto huwa kali, na nyufa kati ya vali na silinda ni ugonjwa wake wa kawaida. Nguvu ya umeme ni volti 6, na katika Ford za enzi hizo waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, hivyo usiunge betri kwa mazoea ya magari ya leo. Tangi la zamani liache kabisa. Lisha kabureta kwa chupa iliyoning'inizwa.

Mwekee mama kiti mlangoni mwa banda, upande usioelekea bomba la moshi.