Nimepata spishi nyingi za ndege shambani kuliko msituni, niripoti hivyo hivyo?

Ndege_na_Mti:
Wakuu naombeni mawazo. Niko fildi kwenye kituo cha utafiti, mada yangu ni matumizi ya ardhi na bioanuwai, nalinganisha ndege wa msituni na wa mashamba yanayopakana na huo msitu. Nasimama sehemu moja asubuhi dakika kumi, naandika kila ndege ninayemwona au kumsikia, kisha nahamia ploti nyingine. Sasa data za mwanzo zinaonyesha shambani kuna spishi nyingi kuliko msituni, na si kwa tofauti ndogo. Mwenzangu hapa kituoni anasema niandike kama ilivyo, data ni data. Mimi nasita, maana mtu akisoma haraka haraka ataona kumbe kufyeka msitu hakuna ubaya wowote. Ploti zangu zina shida au ndiyo hali halisi?

mzee_wa_ploti:
Ploti usizilaumu kwanza. Shambani pako wazi, ndege aliye mbali kabisa unamwona, msituni aliye hatua chache tu kajificha kwenye majani na kama hakulia hujui kama yupo. Kwa hiyo unalinganisha macho yako, bado hujalinganisha ndege. Kila ndege andika na umbali wake, halafu kwenye hesabu tumia umbali ule ule pande zote mbili, na zipo njia za takwimu za kukadiria wangapi walikupita bila kuonekana. Kama kituo kina vinasa sauti omba uviache kwenye ploti usiku na mchana, msituni sauti itakusaidia kuliko darubini.
La pili ni muhimu zaidi: usiishie kwenye idadi, angalia majina. Wa shambani wangapi ni wale wanaoishi popote, na wa msituni wangapi huwapati kwingine kokote? Ukipoteza ndege watano wa msituni tu ukapata wanane wa popote, hesabu imepanda lakini eneo zima limepungukiwa.

Siafu_Njiani:
Naongezea hapo kwa mzee. Kuna mradi Brazil karibu na Manaus ulianza 1979, wazo la Thomas Lovejoy, waliacha vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 katikati ya maeneo yaliyofyekwa kwa ajili ya ng'ombe na walikuwa wanakamata ndege kwa nyavu kabla na baada ya kukata. Msitu ulipokatwa, ndege kwenye vile vipande wakaongezeka! Walikuwa wakimbizi tu, wamehama walikofyekewa. Baada ya muda idadi ikaporomoka, na wale wanaofuata siafu ili kula wadudu wanaowakimbia walikuwa wa mwanzo kupotea. Mtu aliyepima miezi ile ya mwanzo tu angeondoka na jibu la kinyume kabisa. Ndiyo maana mimi napenda sana vituo vya kudumu, mwanafunzi anakuja anaondoka lakini ploti inabaki pale pale na mwingine anapima tena.

Ndege_na_Mti:
Asanteni sana, umbali nitaanza kuandika kesho asubuhi. Nimepitia majina sasa hivi na kweli, walao wadudu wa chini ya miti shambani sina hata mmoja. Ila swali jingine, mashamba yangu mengi yako kando kabisa ya msitu, hiyo si itachanganya mambo?

Bibi_Mimea:
Itachanganya sana mwanangu. Ndege anayelala msituni akija shambani kula asubuhi unamhesabu kama wa shambani, kwa hiyo tafuta na mashamba ya mbali uweke umbali kutoka msituni kama kigezo. Pia uliza historia ya ardhi, watu hawalimi popote tu, wanachagua palipo na udongo mzuri na pasipo na mteremko mkali, msitu unabaki kule kusikolimika, kwa hiyo tofauti unayoiona huenda ilikuwepo hata kabla ya jembe. Wenye mashamba wanajua lini pamefyekwa na palilimwa nini, kaa nao uwasikilize. Na hali ya hewa usiisahau, Kilimanjaro watafiti waliweka ploti kuanzia savana ya chini mpaka juu kabisa, za asili na zinazotumiwa na watu, matokeo yao ya 2019 yakaonyesha athari za matumizi ya ardhi zinategemea hali ya hewa ya mahali. Kituo chenu lazima kina rekodi za mvua na joto, ziombe mapema.

Ndege_na_Mti:
Mama shikamoo na asante. Nimemuuliza msimamizi wa kituo, kumbe kuna madaftari ya mtafiti aliyehesabu ndege kwenye hizi ploti za msitu miaka ya nyuma. Tatizo yeye alihesabu dakika tano tu, mimi kumi, sijui kama naweza kulinganisha.

mzee_wa_ploti:
Unaweza. Kuanzia sasa andika na dakika ambayo kila ndege alitokea mara ya kwanza, halafu unapolinganisha na yake chukua dakika zako tano za mwanzo tu. Angalia na alihesabu mwezi gani na saa ngapi, kama alikuwa msimu mwingine ndege wahamiaji waweke pembeni. Na hayo madaftari yapige picha kurasa zote kabla mchwa hawajayafikia.