Kiwanda cha sofa kimefungwa, bidhaa za nje zimetumaliza. Je, kuna msaada wa serikali? Naombeni ushauri

Mshonaji_HP:
Habari za humu wakuu. Niko High Point, Carolina Kaskazini, nilikuja na familia kutoka kambi ya Nyarugusu. Miaka saba nimeshona kava za makochi. Mwaka jana zikaanza kuingia katoni kutoka ng'ambo, kava zimeshakatwa na kushonwa, sisi tunavalisha tu kwenye fremu. Siku ya kwanza nilipitisha kidole kwenye mshono, nyuzi zimenyooka kuliko zangu. Usiku ule sikulala.

Sasa kiwanda kimefungwa. Mzee mmoja Mmarekani wa laini yetu aliniambia kiwanda chake cha kwanza kilipofungwa, mwaka 2005, serikali iliwapeleka chuo na kuwalipa kila wiki wakiwa darasani. Huo msaada unaombwaje? Mke wangu ana mimba ya miezi saba.

Dereva_I40:
Pole kaka. Chukua leseni ya lori. Mimi niliacha kiwanda cha kuku, sasa naliona jua likichomoza kila jimbo. Kufunga mzigo tu ndiyo kazi, mengine ni usukani.

MamaKaranga:
Pole mwanangu. Umenikumbusha baba yangu, alikuwa kiwanda cha nguo Dar. Mitumba ilipojaa Manzese, mashine zikanyamaza moja moja. Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa ovaroli, anakaa barazani. Hakuna aliyekuja kumuuliza anataka kusomea nini. Wenzenu huko angalau kuna pa kubisha hodi.

Mwanasheria_Mtaani:
Nijibu swali lenyewe. Mzee wako hakudanganya. Mpango unaitwa Trade Adjustment Assistance, kifupi TAA. Ulianza 1962 enzi za Kennedy, ukatanuliwa na sheria ya 1974. Wafanyakazi watatu walitosha kupeleka ombi. Wizara ya Kazi ikithibitisha kuwa bidhaa za nje zimechangia kuwaondoa, walilipiwa mafunzo, na posho ya wiki iliendelea hata fedha za kukosa ajira zikiisha. Waliofika miaka 50 wakapata kazi ya mshahara mdogo waliweza kufidiwa nusu ya pengo, hadi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Lakini Bunge halikuuhuisha. Tangu 1 Julai 2022 Wizara haithibitishi maombi mapya. Wanaoendelea kunufaika ni waliothibitishwa kabla ya hapo. Kwa hiyo niambie: uliondoka tarehe gani, na barua yako inasemaje?

Mshonaji_HP:
Ahsante mkuu. Ni mwezi uliopita. Barua ipo, ni ya kawaida tu.

Mtumishi_wa_Bwana:
Vijana tunakula mshahara wote kana kwamba kesho haipo. Yusufu aliweka akiba miaka saba, nawe umefanya kazi miaka saba hiyo hiyo. Jitafakari.

Mwanasheria_Mtaani:
Mtumishi, mtu ana mke mjamzito, tumsaidie kwanza. Mshonaji, "ya kawaida" ndiyo nini? Uliachishwa au uliacha?

Mshonaji_HP:
Nilisaini karatasi ya kuondoka kwa hiari, wiki tatu kabla hawajafunga. Walinipa mshahara wa wiki sita. Msimamizi alisema watakaobaki hadi mwisho hawataambulia kitu. Nina kodi ya nyumba, ningefanyaje? Na nimeshalipa dola 1,500 za kutangulia shule ya lori, darasa linaanza Jumatatu. Kwa hiyo msiniambie nisiende.

Kichwa_Maji:
Hii chai. Sheria ya huku inataka notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda. Wiki tatu zimetoka wapi? Kwanza ulisema kimefungwa, sasa uliondoka mwenyewe. Keshokutwa tutaambiwa tumchangie.

Dereva_I40:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Miaka saba Marekani unasaini usichokisoma?

Mshonaji_HP:
Sijaomba hata senti. Tulikuwa hatufiki themanini pale ndani. Kusoma nilisoma, ila msimamizi alisimama pembeni ananyoosha kalamu. Kidole changu cha shahada kina shimo la sindano ya mashine, kucha haijaota sawa hadi leo. Asiyeamini apite.

Mwanasheria_Mtaani:
Notisi ya siku 60 inawabana waajiri wa watu 100 na zaidi, kwa hiyo hapo hajadanganya. Tuendelee.

Omba fedha za kukosa ajira leo hii, usijinyime mwenyewe. Aliyeacha kazi kwa kutaka kwake hunyimwa, lakini eleza ukweli wote kwamba kiwanda kilikuwa kinafungwa, waamue wao. Wakikataa, kata rufaa haraka, tarehe ya mwisho imo kwenye barua yao. Kisha nenda kituo cha NCWorks, ofisi ya ajira ya jimbo, uliza mpango wa waliopoteza ajira chini ya sheria ya WIOA ya 2014. Mpango huo unaweza kulipia leseni ya lori, ila kwa shule iliyo kwenye orodha yao, na idhini inatangulia malipo. Una haki ya mkalimani bure. Kwa hiyo shule ile usiwaongezee hata dola moja kabla hujaonana nao.

Mshonaji_HP:
Nikiahirisha Jumatatu, darasa jingine ni baada ya wiki tano. Mtoto atakuwa karibu kuzaliwa.

MamaKaranga:
Mwanangu, piga picha hiyo karatasi, funika majina, uiweke hapa.

Mshonaji_HP:
Nimeiweka. Mstari wa nne ndio sikuuelewa vizuri.

Mwanasheria_Mtaani:
Mstari wa nne unasema nafasi yako inaondolewa kwa sababu ya kupungua kwa kazi. Hayo wameandika wao, chini ya neno "hiari". Toa nakala mbili, moja uende nayo kesho. Shule umewapigia?

Mshonaji_HP:
Bado. Wanafungua saa tatu.