Vitasa na makufuli ya milango ya nyumbani: tupeane uzoefu wa kuchagua na kufunga

Kazi ya Mikono (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Watu wengi huuliza "kitasa gani ni imara?" wakiwa tayari wamesimama dukani. Hapo wamechelewa, kwa sababu kitasa kinabebwa na mlango, mlango unabebwa na fremu, na fremu inabebwa na ukuta. Seremala, wachomeleaji, wauza vifaa na wenye nyumba, wekeni hapa mnachokijua, na wekeni kwa vipimo.

Naanza na mlango wenyewe. Mlango wa nje wa mbao uwe wa mbao ngumu, mninga au mkongo, na unene usipungue milimita 40; ukipata 45 ni bora zaidi. Kitasa cha kuchimbia ndani ya ubao kina unene wa kama milimita 16. Kwenye mlango wa 40 kinabakisha ubao wa milimita 12 kila upande. Kwenye mlango wa 32 kinabakisha 8 tu, na teke moja linapasua ubao palepale kwenye tundu hata kama kitasa ni cha bei kubwa. Milango ya flashi iachwe kwa vyumba vya ndani. Ina uwazi katikati, na mara nyingi gogo la kushikia kitasa liko ubavu mmoja tu, kwa hiyo usikubali fundi aigeuze.

Kuhusu leva, yaani vibati vidogo ndani ya kitasa vinavyonyanyuliwa na ufunguo: 2 zinatosha chumba cha ndani, 3 ndizo zimejaa madukani, lakini mlango wa nje tafuta 5. Kila leva lazima inyanyuliwe kwa kimo chake kamili ndipo ulimi (chuma kinachotoka kitasani kuingia kwenye fremu) usogee. Leva zikiwa chache, aina za funguo zinazowezekana nazo ni chache, ndiyo maana ufunguo wa jirani unafungua kwako na funguo malaya, zile zinazofungua vitasa vingi, zinapata kazi.

Seremala wa Keko

Mkuu umesema kweli, ila mahali milango inapovunjwa sana ni upande wa fremu. Kile kibati kinachopokea ulimi huja na skrubu fupi za milimita 15 hadi 20. Zinashika ngozi ya mbao tu. Zitupe, weka skrubu za chuma za inchi 3 zipite fremu na kuingia ukutani, na kama ukuta ni wa tofali toboa uweke plagi. Kwenye mkongo au mninga toboa kwanza kwa biti ya milimita 3 na upake sabuni kwenye nyuzi za skrubu. Bila hivyo skrubu inakatika kichwa, fundi anaziba kwa puti, nawe unadhani mlango umefungwa.

Namna ya kuchimba:

Pima sentimita 100 hadi 105 kutoka sakafu iliyokamilika (siyo zege tupu, vigae vitakula kimo). Piga mstari wa katikati ya unene wa mlango. Toboa matundu yanayofuatana kwa biti ya milimita 16, kisha safisha kwa patasi. Kitasa kiingie kwa kusukuma kwa kidole. Ukikigonga kwa nyundo, kasha linabanwa na ulimi unakuwa mzito kuanzia siku ya kwanza. Jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi. Halafu paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, zungusha ufunguo: alama itakayobaki kwenye fremu ndiyo mahali pa kuchimba.

Nafasi kati ya mlango na fremu iwe milimita 3. Ikifika 6 mtaimbo unaingia bila taabu. Ulimi unaotoka milimita 20, kama unavyodaiwa na kiwango cha Uingereza BS 3621, utaingia 17 kwenye fremu. Ulimi wa milimita 12 unabaki na 9, na fremu ikipanuliwa kidogo tu umeachia.

Fremu yenyewe ishikwe na vyuma vitatu kila upande vilivyozikwa kwenye zege. Misumari ya kupigilia kwenye plasta haishiki kitu.

Dada wa Duka la Vifaa

Wateja wengi hurudisha kitasa kwa sababu hawakupima. Kama unabadilisha, njoo na vipimo viwili: kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya tundu hilo. Vitasa vya mtindo wa Kiingereza vina milimita 57 kati ya mkono na ufunguo, vya Kijerumani 72, na vipo vingi vya 85. Ukikosea hapo, tundu la zamani linabaki wazi pembeni.

Kwa vitasa vya silinda (kile kipande kinachoingizwa ufunguo, kinachoweza kuchomolewa peke yake), pima kutoka skrubu ya katikati hadi kila mwisho. 35 kwa 35 ni silinda ya 70. Isichomoze nje ya bamba la mkono zaidi ya milimita 3. Ikichomoza sana inashikwa kwa koleo na kukatika pale kwenye tundu la skrubu, ndipo ilipo nyembamba.

Njoo na sumaku. Kufuli linaloitwa la shaba likinasa sumaku mwilini, ni chuma kilichopakwa rangi. Chukua na funguo mbili tatu za maboksi mengine ya aina ileile uzijaribu. Muuzaji anayekataa, ondoka.

Mchomeleaji Tegeta

Milango ya chuma na mageti: toa kitasa kabla ya kuchomelea boksi lake. Joto linalegeza springi na leva, kitasa kinakwama baada ya wiki chache na lawama zinakwenda kwa kiwanda.

Geti la milango miwili, ule usiotumika lazima uwe na komeo juu na chini, na la chini lizame kwenye zege angalau milimita 30. Bila hilo unasukuma yote miwili pamoja na kitasa kinachomoka chenyewe.

Kufuli la geti: chuma chake cha kupinda kisipungue milimita 10, na kiwe kifupi ili mkasi wa kukatia vyuma usipate pa kuuma. Pete za kupitishia kufuli ziwe na unene uleule. Ni kazi bure kuweka kufuli zito kwenye pete ya nondo ya milimita 6. Kata dirisha dogo kwenye bati, ufunge kwa ndani huku mkono ukipita, na kichwa cha kufuli kifichwe na boksi la chuma.

Mlango unaofunguka nje una bawaba zinazoonekana. Chomelea pini, au weka vipande vya chuma vinavyoingia kwenye fremu upande wa bawaba.

Mama Wanne

Jamani, mmezungumza sana kuzuia anayeingia. Na anayetoka? Nyumba zetu zina grili kila dirisha. Moto ukiwaka saa nane usiku na ufunguo uko kwenye mkoba, kitasa imara kinageuka hatari.

Mlango wa kutokea mnaoufunga mkilala, tumia silinda yenye kitufe cha kuzungusha kwa ndani, isipokuwa kama kuna kioo karibu kinachoweza kuvunjwa na mkono ukapita. Hapo ufunguo uning'inie mahali pamoja siku zote, mbali na dirisha lakini unapofikika gizani, na watoto wakubwa wapajue. Grili moja ya chumba cha kulala iwe na bawaba ifunguke. Kufuli la nje la grili ya mlango lisifungwe kamwe kukiwa na mtu ndani, hata kwa dakika tano za kwenda dukani. Namba ya Zimamoto kwa Tanzania ni 114, bandikeni ukutani.

Vyoo na vyumba vya watoto weka vitasa vyenye mfereji kwa nje, unaofunguka kwa sarafu. Watoto wadogo wanaotoroka barabarani, weka komeo la ziada kimo cha sentimita 150.

Mpangaji Mpya

Nimehamia nyumba yenye kitasa cha silinda. Mwenye nyumba ana funguo, wapangaji waliopita nao wanaweza kuwa nazo. Nibadilishe kitasa kizima?

Kazi ya Mikono

Hapana ndugu, badilisha silinda tu, baada ya kukubaliana na mwenye nyumba. Fungua ile skrubu ndefu iliyo kwenye ubavu wa mlango chini ya ulimi. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana huku ukivuta. Ule ulimi mdogo wa silinda ukilingana na mwili, inatoka. Weka mpya ya kipimo kilekile na usikaze skrubu mpaka ujaribu, maana ikikazwa kupita kiasi ufunguo unakuwa mgumu. Namba iliyopigwa kwenye ufunguo isipigwe picha wala kuachwa kwa mtu, wengine huchonga kwa namba hiyo.

Tanga Pwani

Kwa walio karibu na bahari: chumvi inakula springi kabla ya kitu kingine chochote. Mwili wa shaba, au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. 304 nacho huanza madoa. Usitie mafuta ya kupikia wala oili ya injini kwenye silinda, yananasa vumbi na kugandisha pini ndogo za ndani yake. Tia unga wa grafiti. Ukiukosa, saga risasi ya penseli, paka kwenye ufunguo na uingize mara kadhaa.

Masika ikifika na mlango ukavimba, usikimbilie kulazimisha ufunguo wala kupiga randa. Rudia chaki ya seremala uone ulimi unagusa wapi, kisha panua kibati kwa tupa milimita moja. Randa iliyopigwa mvuani inaacha pengo kubwa kiangazi.