Mzee Ojwang wa Vitimbi alikuwa Mjaluo kweli?

Mtazamaji_wa_zamani:
Wadau habarini, kuna ubishi hapa na shemeji yangu, mimi nasema Mzee Ojwang wa kile kipindi cha vichekesho cha Vitimbi ni Mjaluo wa Nyanza yeye anashikilia ati ni Mkikuyu, sasa na ile lafudhi yake nzito nashindwa kuamini. Mwenye kumjua atusaidie, na aliishia wapi?

Nyota_ya_Asubuhi:
Shemeji ako sawa. Jina lake ni Benson Wanjau, Mkikuyu, na hata Mama Kayai aliyeigiza kama mkewe, yaani Mary Khavere, ni Mluhya. Wala hawakuwa mume na mke kikweli, ingawa watu kibao waliamini hivyo. Mzee alikuwa kwa runinga tangu enzi za Sauti ya Kenya, stesheni ya taifa, kabla irudie jina la KBC 1989, na kwa kipindi cha Vioja Mahakamani pia alikuwa. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 hapo Hospitali ya Kenyatta akiwa na miaka 78.

Baba Tuni:
Lafudhi peke yake mtu yeyote anaiga, wachekeshaji wengi siku hizi wanaishia hapo tu. Ojwang alikuwa mtu kamili jameni, ile kujiona mkubwa wa boma, ile kunyamaza kidogo kabla amjibu mkewe, alafu Mama Kayai anamshinda kwa maneno mawili na bado hakubali kushindwa. Tulikuwa tunacheka tabia, si kabila, na ndio maana Wajaluo wenyewe walimpenda kama wao. Na mkumbuke mpaka KTN ianze 1990 stesheni ilikuwa moja, nchi nzima ilikuwa inamwangalia pamoja.

Dada_Wa_Jukwaa:
Mimi naigiza na kisa chake kinaniuma. Macho yalipomsumbua ilibidi Wakenya wachange ndio atibiwe, mtu aliyetuchekesha miaka hiyo yote! Kipindi kikirudiwa mwigizaji anafaa kulipwa tena, hiyo ndiyo mirabaha, na PRISK, chama cha haki za watendaji Kenya, iliundwa kututetea sisi. Lakini kama mkataba haujataja marudio utadai na nini? Vijana someni karatasi kabla kamera iwashwe, msione haya kuuliza.

Mtazamaji_wa_zamani:
Asanteni sana, nimekubali. Vitimbi vya kitambo naweza vipata wapi nionyeshe watoto?

Nyota_ya_Asubuhi:
Kuna vipande YouTube, tafuta Vitimbi Ojwang na Mama Kayai.