Naomba ushauri: kujijengea tangi kubwa la samaki kwa vioo vya milimita 12

Muulizaji

Ndugu zangu, ninawasalimu. Kwa miaka sita nimefuga samaki wa maji yasiyo na chumvi katika tangi la lita 120, na sasa nimedhamiria kujijengea tangi kubwa litakalokaa sebuleni. Vipimo nilivyopanga ni urefu wa sentimita 240, upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 70, yaani lita 1,260 likijaa hadi ukingoni. Nimepata vioo vya unene wa milimita 12 vilivyotolewa kwenye madirisha makubwa ya jengo lililokuwa likibomolewa, navyo vinatosha pande zote nne pamoja na kitako. Fundi wa vioo niliyemwonyesha mchoro amenihakikishia kuwa milimita 12 ni nene mno na nisiwe na shaka, lakini kila nikisimama mbele ya nafasi ile na kuwafikiria wanangu wakicheza hapo, moyo wangu hautulii. Ninaomba mniambie bila kunificha kama unene huo unatosha, na ni jambo gani nimelisahau kabla sijafungua silikoni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, moyo wako umekuonya vizuri. Fundi wako anayajua madirisha, na dirisha halibebi maji. Kinachosukuma kioo cha tangi ni kina cha maji na wala si wingi wake. Kwa kimo cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 240, kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 588, usiku na mchana, miaka yote. Wajenzi wengi wa matangi hupenda kioo chenye uwezo wa kuhimili karibu mara nne ya mzigo wake, na kwa vipimo vyako hesabu hiyo inadai takriban milimita 16, kwa hiyo ungelazimika kununua kioo cha milimita 19. Hicho cha milimita 12 kinakupa mara mbili na kidogo tu, na kwa nyumba yenye watoto mimi sikubali.

Hata hivyo usivitupe vioo vyako, bali punguza kimo. Ukishusha kimo hadi sentimita 50, msukumo kwenye kioo cha mbele unashuka hadi kilo 300, na milimita 12 inakuwa na nguvu ya kutosha kabisa. Utabaki na lita 900, na samaki hawatapungukiwa na kitu, kwa kuwa wengi wao huogelea kwa kwenda mbele na kurudi, huku hewa ikiingia majini kupitia uso wa maji, ambao eneo lake halikubadilika. Tena kuna jambo ambalo mtu hulijua akiwa ameshachelewa: katika kina cha sentimita 70 mkono haufiki chini bila kulowesha bega, na kila jani lililooza litakudai upande ngazi.

Kabla ya kukata chochote, kague aina ya kioo. Kioo kilichokazwa kwa moto mara nyingi huwa na alama ndogo kwenye kona, na ukijaribu kukikata au kukitoboa kitasambaratika chote vipande vipande. Tazama pia mikwaruzo kwa tochi ukiilaza sambamba na kioo. Chenye mkwaruzo unaokwaza ukucha kiweke kando.

Mchangiaji wa pili

Hukutaja kama sebule iko chini au ghorofani. Hata hilo la lita 900, ukijumlisha vioo, changarawe na meza yake, litakaribia kilo 1,200 juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba. Sakafu za ghorofani katika nyumba nyingi za kuishi husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Kama uko ghorofani, mwite mhandisi kwanza.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nitasema juu ya viungo, maana hapo ndipo nilipoumia. Tangi langu la kwanza lilianza kuvuja baada ya miezi mitano. Halikupasuka, nilipitisha kidole chini ya kona ya nyuma nikakikuta kina unyevu, nikafuta, na asubuhi kikawa na unyevu tena. Nilipolibomoa niliona kosa: silikoni ilikuwa imebanduka kwenye kioo ikiwa nzima kama utepe, kwa sababu nilifuta kingo kwa kitambaa kilichokuwa na mafuta ya vidole vyangu mwenyewe.

Safisha kila ukingo kwa asetoni na kitambaa kipya, kisha usiuguse tena. Tumia silikoni tupu inayotoa harufu ya siki wakati wa kukauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu baina ya vioo, maana mto huo wa silikoni ndio unaobeba mvutano, na ukivibana vioo hadi vigusane utakuwa umeikamua yote nje. Fanyeni kazi hiyo mkiwa watu watatu au zaidi, kwa sababu ngozi ya juu huanza kujifunga baada ya dakika kumi hivi, na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka. Baada ya hapo subiri wiki mbili, hata kama kwa nje unaiona imekauka siku ya pili.

Gundisha pia mikanda ya kioo ndani ya ukingo wa juu, kwa urefu wote, na mmoja wa kuvuka katikati.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Sebule iko chini, juu ya zege. Vioo nimevikagua: kimoja kina alama kwenye kona, na nimekitenga. Ninakubali kimo cha sentimita 50. Nilikusudia kuweka tangi dogo la kuchujia chini ya meza, lakini ninahofia umeme ukikatika.

Mchangiaji wa nne

Hofu hiyo ina hesabu yake. Katika tangi lako kila sentimita moja ya maji ni lita 18. Pampu ikizimika, bomba la kurudishia maji litaanza kunyonya kinyumenyume mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa sentimita nne chini ya uso wa maji, lita 72 zitashuka, na tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo, zitaishia sakafuni. Weka mdomo wa bomba karibu kabisa na uso wa maji, utoboe tundu dogo la kuvuta hewa, na usiitegemee vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu uchafu huizuia isifunge. Kisha zima umeme mwenyewe mara kadhaa kwa makusudi, ukiwepo na ndoo mkononi.

Muulizaji

Ndugu zangu, ninarudi kuwapa habari. Tuligundisha tukiwa wanne, tukasubiri siku 14, kisha nikalijaza nje kwa hatua, robo baada ya robo, likiwa juu ya meza yake iliyopimwa kwa pimamaji na kutandikwa sponji ngumu. Niliweka karatasi kavu chini ya kila kona, na kila asubuhi kwa siku saba nilizipapasa moja baada ya nyingine. Zote zimebaki kavu. Umeme nimeuzima mara tano, na maji yaliyoshuka hayakuzidi lita 20.

Mchangiaji wa kwanza

Tumefurahi sana, ndugu. Likishaingia ndani lijaze, washa pampu, litie amonia kidogo na uliache bila samaki kwa wiki nne hadi sita, wakomae bakteria wanaoondoa amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Pima amonia na nitriti. Zote mbili zikisoma sifuri ndani ya siku moja baada ya kutia amonia, badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha anza na samaki wachache.

Muulizaji

Nitafanya hivyo. Kesho tunalimwaga na kuliingiza ndani, watu sita, nasi tumeshaung'oa mlango.