Mliowacheka wazee wetu usiku wa Idi pili, uzi huu ni wenu

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nimekaa na jambo hili kifuani siku nne nikidhani hasira zitashuka. Zimezidi. Leo naandika.

Usiku wa Idi pili, hapa Unguja, kikundi kimoja cha zamani cha taarab kilipanda jukwaani tena baada ya zaidi ya miaka 20. Jina silitaji, wenyewe hawataki, na mliokuwepo mnawajua. Mmoja wa wapiga fidla ni ami yangu, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Kwa hiyo sijifichi, naandika kama mwanawe.

Kabla hata ya alfajiri klipu zilishajaa kila grupu. "Wametoroka Sebleni." "Jukwaani bakora nyingi kuliko fidla." "Ukikata tiketi unapewa na panadoli." Mtu mzima, ana watoto wanasoma skuli, ananitumia mimi hiyo klipu na vikatuni vya kucheka! Na hao wazee wanaotunzwa Sebleni nao wamekukoseeni nini hata jina la nyumba yao ya wazee liwe tusi?

Nianze na ile klipu ya mzee wa ganuni anakaza nyuzi, mtu kaandika chini "babu anatafuta mtandao". Ganuni, chombo cha kudonoa kwa vidole, ina nyuzi zaidi ya 70. Zimepangwa tatu tatu, kila sauti nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziseme kitu kimoja. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na ngozi ikipata unyevu hulegea, sauti ikashuka. Sasa chukua chombo hicho, kiingize ukumbini usiku, madirisha wazi upande wa bahari, watu wamebanana wanahema. Mpigaji anayekuheshimu hukikaza kila baina ya wimbo na wimbo. Ndivyo kilivyo tangu Sultan Barghash alipompeleka mtu Misri kwenda kujifunza muziki huu. Zamani ukumbi ukinyamaza mpaka amalize. Nyinyi mlipiga miruzi.

Mkasema bibi mwimbaji "yuko nyuma ya wimbo kama gari la shamba". Alikuwa nyuma, kweli. Sababu yake nilikuwepo nikaiona kwa macho. Spika zote zilielekezwa kwa watazamaji, jukwaani haikuwekwa hata moja ya kuwarudishia sauti zao. Bibi alikuwa anaufuata mlio unaogonga ukuta wa nyuma ndipo unamrudia, ushachelewa. Nilimwendea fundi wa mitambo mara mbili, namwomba spika moja tu. Mara ya pili akanijibu, "Wazee hawa hata ukiwawekea hawatasikia." Nilitetemeka mikono. Na mshereheshaji naye, kwenye maikrofoni, mbele ya wake zao na wajukuu zao, anawauliza kama wamekumbuka kumeza dawa za presha.

Pale fidla ilipopiga peke yake ubeti mzima, mkaandika "wamesahau maneno". Ubeti ule ulikuwa wa mwenzao aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Katika mazoezi kila mmoja alikataa kuuimba. Najua kwa sababu mazoezi yalikuwa nyumbani kwetu, miezi mitatu, kila baada ya isha, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chai ya tangawizi.

Lakini lililonifanya nisilale ni ile noti.

Taarab ina adabu yake, na nyinyi mmezaliwa nayo. Wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda polepole kwa mwendo wa ngoma, noti umeishika ionekane, unamtunza mwimbaji. Husemi neno. Noti yenyewe inasema: hapo umenisemea mimi. Mama zetu wamejibizana kwa noti za kutunza mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka barazani, na mwimbaji huipokea huku anaendelea kuimba, hakatishi.

Basi kijana mmoja aliinuka kwenye ubeti wa tatu na noti ya elfu kumi. Bibi akamwona, akatabasamu, akanyoosha mkono. Kijana akairudisha nyuma. Bibi akanyoosha tena, akairudisha tena. Mara tatu, na mwenzake pembeni anarekodi! Bibi yule ana miaka 68, goti lake limefanyiwa operesheni, kiti alikikataa kwa kusema hajapata kuwaimbia watu amekaa. Mara ya tatu alishusha mkono, akafumba macho, akaumaliza ubeti. Hakukosa hata neno. Klipu hiyo ndiyo mliyoisambaza kuliko zote.

Na wengi wenu nakujueni. Mwaka 2024 Mick Jagger wa Rolling Stones, aliyezaliwa 1943, alipozunguka Marekani na wenzake, mliweka video zake mkamwita lejendi. Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa mwaka 1946, mnawapeleka wageni Shangani kupiga picha mlangoni. Wenzake wa bendi ya Queen, Brian May na Roger Taylor, wameshapindukia 70 na wamepanda majukwaa makubwa na nyimbo zile zile za ujana wao. Hao hamkuwauliza bakora. Hao uzee wao ni heshima, wa ami yangu ni kichekesho?

Bi Kidude mwaka wake wa kuzaliwa hauna hata uhakika, alikuwa mkongwe na anaimba, anapiga ngoma, na mwaka 2005 dunia ikampa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa mataifa. Alipofariki Aprili 2013 mji mzima ulimlilia. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa imeanza 1905. Klabu haifiki umri huo kwa kuwafukuza watu kwa vicheko wakishaota mvi. Imefika kwa sababu kijana alikaa ubavuni kwa mzee, mwaka baada ya mwaka, akimtazama vidole.

Wala hawa hawakuachana kwa ugomvi. Vilipoenea vinanda vya umeme miaka ya tisini, wenye harusi waliona watu wanne na kinanda chao ni nafuu kuliko kuwalisha wapigaji 15. Wawili wakaenda Muscat, mmoja Dubai, ami akarudi kwenye useremala. Fidla akaitundika ukutani, na kila Ijumaa akiishusha kuifuta vumbi. Nyimbo zao lakini hamkuziacha. Mnatolea mabibi harusi kwa nyimbo hizo mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuwapelekea hata sahani ya biriani.

Ami hana simu ya kupangusa, nikadhani hatojua. Juzi mjukuu wake wa miaka tisa kamwonesha klipu, mtoto anadhani anamfurahisha babu yake kuwa ametokea kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho. Akamrudishia mtoto simu, akamwambia "ahsante baba". Fidla imerudi ukutani, na jana ilikuwa Ijumaa, hakuishusha.

Ninachotaka ni hiki. Waliotia klipu hizo wazifute leo. Mshereheshaji aende kwa wazee wale mmoja mmoja, kwa miguu yake, akawaombe radhi, maana maneno aliyasema mbele za watu. Walioandaa shughuli wawalipe ile nusu ya malipo waliyoibakisha, wanajua ni kiasi gani.

Na wewe kijana wa noti, kwa bibi unapajua, mmekaa mtaa mmoja tangu unazaliwa, na mama yako siku ya harusi yake aliimbiwa na yeye. Ile elfu kumi kampe. Nenda bila ya simu.